Wenye ulemavu wasingojeshwe miaka 70

Hapa Oman, Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 2023 inampa raia mwenye ulemavu uliothibitishwa riali 130 kila mwezi. Haulizwi umri. Asiye raia, hata akiwa ndugu wa damu kutoka Unguja au Pemba, hayumo.

Zanzibar nayo ina Pensheni Jamii, na tunaipongeza SMZ kwa hilo. Ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, ikapandishwa hadi 50,000 mwaka 2023, tena kwa fedha za Serikali yenyewe. Lakini kipimo chake ni umri. Kijana wa Micheweni asiyetembea tangu kuzaliwa atalipwa akitimiza miaka 70, akijaaliwa kufika. Na mama yake, anayeacha kibarua ili amwoshe na kumlisha, ataambiwa aende TASAF, ambako kinachotazamwa kwanza ni umaskini wa kaya.

Kenya ilianza 2011 kuzilipa kaya zenye watu wenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 za huko kwa mwezi. Ni kidogo, lakini fungu lina jina lao. SMZ ianze na hao hao. Masheha wanawajua, nyumba kwa nyumba.