Nani aliyetuambia kwamba mlima si wetu?



Kamati ya matembezi ya jamaa imekutana, na kama mwaka jana imeamua kwamba siku yetu tutaipitisha katika uwanja wa kukodi, chini ya hema, kando ya barabara kuu, penye friji na vipaza sauti. Tulipopendekeza tuende kilimani, tulichekwa kwa upole, kama anavyochekwa mwalimu aliyekaribia pensheni. Tuliambiwa kwamba milima ni mambo ya Wazungu, kwamba mtu mwenye heshima zake hatembei kwa miguu mchana kutwa pasipo kutumwa, na kwamba watoto watachoka. Hatukupata nafasi ya kujibu, kwa maana mkutano ulikuwa umekwisha kufungwa kwa sala. Tunajibu hapa.

Tuanze na watoto. Mji wetu wa Lubumbashi umekaa juu ya uwanda ulio karibu mita 1,200 juu ya bahari, lakini ukisimama katikati yake huoni mlima hata mmoja. Katika miaka yetu ya kufundisha tulizoea kuwaomba wanafunzi wachore mlima kabla ya kufungua kitabu. Wengi walichora nundu nyeusi, na kando yake bomba la moshi. Ni ule mlima wa takataka za shaba uliomwagwa na kiwanda kilichowashwa mwaka 1911, ambao wachoraji wa mji wetu wameupamba katika picha nyingi hata umekuwa alama yetu. Hatuukatai, baba zetu waliulisha kwa jasho lao. Ila ni jambo la kusikitisha kwamba mtoto aliyezaliwa katika nchi yenye Mitumba, Kibara na Kundelungu anaujua mlima mmoja tu, nao ni mabaki ya tanuru. Baada ya hapo anakariri ubaoni, kwa Kifaransa, maana ya mlima, kilima na bonde, anapewa alama nzuri, na hajawahi kukanyaga mteremko isipokuwa ule wa kichuguu nyuma ya nyumba.

Sasa hilo la Wazungu. Anayesema hivyo hajui habari za nchi anayokaa. Kabla Union Minière du Haut-Katanga haijaanzishwa mwaka 1906, kabla hata ya askari wa Stairs kufika Bunkeya mwaka 1891 na Msiri kuuawa, vilima vya shaba vya Katanga vilikuwa na wenyewe, wale walioitwa walaji wa shaba. Mvua zilipokwisha na mavuno kuingia ghalani, kijiji kiliondoka pamoja kwenda kilimani. Wanaume walichimba, wake na watoto waliokota malakiti, lile jiwe la kijani, wakalipanga na kuliosha mtoni. Katika tanuru za udongo wa vichuguu wakapata shaba, wakaimimina iwe misalaba midogo iliyotumika kama fedha na kama mahari. Ilikuwa kazi, na kazi ngumu. Hatuigeuzi kuwa sikukuu. Lakini mtoto alipanda akiwa na mama yake, akimwona baba yake, akijua jina la kilima na la mizimu yake. Hakuna Mzungu aliyewaonyesha njia.

Aliyetuondoa mlimani tunamjua. Wazee wetu walitembeshwa. Katika vita vile vya kwanza vya dunia, majeshi ya Ubelgiji yalipokwenda kupigana na Wajerumani hadi Tabora mwaka 1916, mizigo yao ilipanda milima juu ya vichwa vya wapagazi waliochukuliwa vijijini, na wengi hawakurudi. Wengine walitembea wiki nyingi kuja kutafuta kazi migodini, au walikuja kwa kamba. Kisha wakawekwa katika kambi zenye nyumba zilizopangwa kwa mistari, na kutoka kambini kulihitaji karatasi. Basi si ajabu kwamba kwa babu zetu kutembea kulikuwa adhabu, na kupanda lori kulikuwa ukombozi. Tunaliheshimu jambo hilo, na hatumlaumu mzee yeyote anayekunja uso akisikia neno kupanda mlima. Tunamlaumu mwanawe na mjukuu wake, waliosoma, wenye viatu vizuri na Jumamosi zilizo huru, ambao wameuchukua woga wa wazee na kuuita heshima.

Tena wasituambie kwamba watoto wa Katanga hawapandi vilima. Wanapanda! Nenda upande wa Kambove, nenda Kolwezi. Yuko mtoto anayepanda asubuhi na mapema akiwa na gunia mgongoni, anaokota na kuosha mawe ya shaba na kobalti, anashuka jioni kumuuzia mnunuzi anayempangia bei mwenyewe. Yule anapanda bila baba yake, au baba yake yumo shimoni. Kwa hiyo katika nchi hii kilima kimegawanywa: mtoto wa maskini hukijua kama mahali pa kubeba, na mtoto wetu sisi, wa jamaa zinazolipa karo, hakijui kabisa. Hao wawili watakapokuwa watu wazima, nani kati yao atakipenda kilima kiasi cha kukitetea?

Hapo ndipo penye maumivu yetu, wala si katika mazoezi ya miguu. Vilima vya shaba si vilima kama vingine. Udongo wake umejaa madini hata miti haiwezi kukua juu yake. Msitu wa miombo unapanda na kusimama ghafula, juu panabaki wazi, pana majani mafupi na maua. Kwa upara huo wazee walizijua hazina zilizo chini, na wataalamu wa migodi wakafuata alama ile ile. Mimea inayoishi pale imezoea sumu ambayo ingeua mingine. Mmoja ndio ule uitwao ua la shaba, wenye maua ya rangi ya zambarau, ambao wasomi wameuandika kwa jina la Haumaniastrum katangense. Mingine haipatikani popote duniani isipokuwa juu ya vilima vichache vya Katanga, na kilima kinapochimbwa chote, nayo inakwisha. Waumini wangapi wa parokia zetu wamewahi kuliona ua hilo? Tumeuliza jamaa kwa jamaa, na mikono iliyoinuka ilikuwa michache sana. Kilima kinauzwa kwa urahisi pale ambapo hakuna mtu wa kusema: tulikuwa pale na watoto wetu mwezi wa saba, tuliona hiki na hiki. Karatasi inasema hapana mtu. Nasi tumeifanya karatasi hiyo kuwa kweli kwa kukaa chini ya hema.

Miaka kadhaa iliyopita, majira ya baridi, tulikwenda na jamaa kumi na moja kwenye vilima vya upande wa Likasi. Basi la kukodi liliondoka saa kumi na moja alfajiri, na watoto walikuwa wamefunikwa blanketi kwa ile baridi ya mwezi wa saba ambayo wageni hawaamini kwamba ipo Kongo. Tulipofika, tulimsalimu chefu wa kijiji kwanza, tukaomba njia. Akatupa kijana wa kutuongoza na kutuonyesha upande wenye makaburi ili tusipite. Nusu ya akina baba walibaki chini kulinda basi. Basi lililindwa vizuri sana, na chupa zikaisha kabla ya saa nne. Waliopanda walikuwa akina mama, watoto, na wanaume wachache walioona haya kubaki.

Njia ya kilimani ni nyembamba. Watu hupita mmoja nyuma ya mwingine, au wawili wakibanana. Mbele yetu alikuwa baba mmoja na binti yake wa miaka kumi na miwili. Kwa saa nzima tulimsikia akimweleza jinsi babu yake alivyotoka kwa miguu kandokando ya Luapula akitafuta kazi, alilala wapi, alikula nini, ni nani aliyempa viatu vya kwanza. Binti hakuwa amesikia habari hiyo hata siku moja. Tulimwuliza baba baadaye kwa nini hakumsimulia nyumbani. Akasema: nyumbani wananiona nikila, halafu wananiona nikilala.

Kileleni mtoto wa miaka tisa alitazama ng'ambo, akauliza kwa nini kilima kile kingine hakina kichwa. Kilikuwa kimekatwa kwa ngazi ngazi, kama keki, na vumbi la malori likipanda. Watu wazima walinyamaza. Mama mmoja, mwalimu kama sisi, akamjibu kwamba kichwa chake kimekwenda katika simu na betri, na kwamba sehemu yake nyingine ilimlipia babu yake shule. Jibu zuri lenye pande zote mbili. Vitabu vyetu havina la namna hiyo. Mtoto akafikiri, kisha akauliza swali la pili, ambalo hatujapata jibu lake: na hiki tulichosimama juu yake, kitakatwa lini?

Watoto hawakuchoka. Sisi tulichoka.

Kuna pingamizi moja tunalolikubali, nalo ni usalama. Hatusemi watu waondoke tu. Tunakumbuka ile iliyoitwa pembetatu ya kifo, kati ya Mitwaba, Pweto na Manono, na jamaa zilizokimbia huko zikafika kwetu mikono mitupu. Wala hatudanganyi kwamba Kundelungu ni safari ya siku moja. Mbuga ile iliyotengwa mwaka 1970, pamoja na maporomoko ya Lofoi yanayoanguka zaidi ya mita 300, inataka siku kadhaa, gari lenye nguvu na fedha ambazo wengi wetu hatuna. Lakini vilima vya karibu na Likasi havitaki hayo. Wafikirieni ndugu zetu wa Kivu ya Kaskazini, waliozaliwa chini ya Nyiragongo: vita vimewafungia njia za milima yao, na ukiwauliza, watakuambia kwa uchungu ni lini walipanda mara ya mwisho. Wao wamezuiwa na silaha. Sisi tumezuiwa na kiti cha plastiki.

Wengine hutujibu: watoto watapelekwa na Kiro, au na Xaveri, au na Skauti. Mungu awabariki viongozi wa vijana hao kwa kazi wanayofanya, mara nyingi kwa nauli ya mifuko yao. Lakini mtoto anayepelekwa na Kiro anarudi na wimbo mpya. Habari za babu yake hazipati huko. Katanga ndiyo iliyolipa Kanisa lile neno jamaa katika miaka ya 1950, Padre Placide Tempels alipokaa na mume na mke wa kambi za migodi, akawataka wasikilizane kama watu wawili kamili. Ingekuwa aibu kwa sisi, warithi wa neno hilo, kulitumia kwa karamu ambayo baba anakaa na wanaume, mama anakaa jikoni, na watoto wanapewa soda ili wasisumbue.

Na wale wanaosema kutembea ni umaskini, tunawakumbusha Pier Giorgio Frassati, ambaye Papa Leo wa Kumi na Nne alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Alikuwa mlei, mwana wa tajiri mwenye gazeti huko Torino. Jumapili alipanda Alpi pamoja na rafiki zake, wavulana na wasichana, na siku nyingine alipanda ngazi za nyumba za maskini akiwa na dawa na chakula mkononi. Alikufa tarehe 4 Julai 1925, akiwa na miaka 24. Tarehe hiyo, kwetu, shule zinafungwa na anga halina wingu.

Basi tunapendekeza hivi, na kamati isipokubali tutakwenda tutakaokwenda. Tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, asubuhi tutakuwa makaburini na mchana mezani, kama desturi ilivyo. Jumamosi itakayofuata tutapanda. Tusingoje Oktoba, kwa sababu ya jua, wala mwezi wa kumi na moja, kwa sababu ya radi, ambazo mtu asidhani ni hadithi za kutisha watoto. Nyasi zikiwa zimekauka, yeyote asiwashe moto kilimani, hata wa kuchoma mahindi. Maji tuyabebe kutoka nyumbani, kwa kuwa si kila kijito kilicho chini ya mgodi kinafaa kunywewa. Bukari iliyopoa na samaki mkavu zinatosha, na munkoyo kwa wanaoipenda. Mama mjamzito na mzee mwenye goti bovu watakaa kivulini pamoja na chefu wa kijiji, ambaye ana mengi ya kuwasimulia. Akina baba wote watapanda. Dereva atalinda basi peke yake.

Tutaondoka mbele ya kanisa saa kumi na moja alfajiri. Mwenye kipaza sauti akiache nyumbani.