Mwana wa Kilimambogo

Si mbali na Kangundo uko mlima uitwao Kilimambogo. Jina la mlima huo lilichukuliwa na bendi iliyosikika Kenya nzima, yaani Kilimambogo Brothers, na kiongozi wake alikuwa Kakai Kilonzo. Bwana huyo alizaliwa mwaka 1954 huko Machakos. Basi mwaka 2024 ilitimia miaka 70 tangu kuzaliwa kwake.

Muziki wake ulikuwa benga ya Ukambani. Gita moja hushika sauti za chini, na la pili huzunguka juu upesi upesi bila kukoma, hata mkulima aliyechoshwa na jembe husahau uchovu wake.

Wahenga walisema, "Mcheza kwao hutunzwa." Kakai alitunzwa kwao kwa nyimbo za Kikamba, na angeweza kuridhika na hayo. Lakini baadaye aliimba kwa Kiswahili pia, ili asikiwe na makabila mengine. Jambo hilo si dogo, kwa maana mtu aliyezoea kusifiwa na jamaa zake alikubali kupimwa na wageni wasioujua ukoo wake. Nao walimpokea.

Kakai alifariki mwaka 1987, angali kijana. Wengi humkumbuka mwimbaji kwa siku ya kufa kwake tu, hali kuzaliwa kwake ndiko kulikoleta nyimbo. Kwa hiyo wazee wenye santuri zake wasiziache zikiingia vumbi, bali wawaeleze watoto maana ya maneno yake ya Kikamba, yasije yakapotea.