Ubongo na Mishipa Yake Minne

Mkulima amwagiliaye shamba ajua kwamba mfereji ukizibwa, miche iliyo mbele ya kizuizi hunyauka, hata kama mto umejaa. Ubongo wa mwanadamu nao ni hivyo hivyo.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, nao una sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni ubongo mkubwa, wenye kufikiri, kusema na kuamuru viungo. Nusu yake ya kushoto huamuru mkono na mguu wa kuume, na nusu ya kuume huamuru wa kushoto. Ya pili ni ubongo mdogo, ulioko kisogoni, umsaidiao mtu asiyumbe aendapo. Ya tatu ni shina la ubongo, lishikanalo na uti wa mgongo, ambalo husimamia pumzi hata usingizini.

Uzito wa ubongo ni sehemu 2 tu katika 100 za mwili, lakini mtu akiwa ametulia, ubongo hutumia kama sehemu 20 katika 100 za oksijeni yake yote. Wala hauna ghala ya kuiweka akiba. Damu huufikia kwa mishipa minne: miwili hupita mbele ya shingo, na miwili hupanda katika matundu ya mifupa ya shingo. Chini ya ubongo mishipa hiyo huungana katika duara. Mwaka 1664 Thomas Willis, daktari wa Oxford, alilieleza duara hilo katika kitabu chake, nalo laitwa kwa jina lake hata leo. Mshipa wa shingo ukizibika pole pole, duara laweza kuleta damu ya upande wa pili. Lakini mshipa ukizibika mbele ya duara, msaada huo ni haba.

Hapo ndipo kiharusi huingia: damu iliyoganda huziba mshipa, au mshipa hupasuka. Ghafula mdomo hupinda, mkono hulegea, maneno hukwama. Wako wasemao kwamba mgonjwa amerogwa, wakapoteza siku nzima kwa mganga. Kumbe upande uliolegea waonyesha tu ni nusu ipi ya ubongo iliyokosa damu. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa kabla ya saa 4 na nusu kupita tangu dalili zianze, tena baada ya ubongo kupigwa picha, kwa maana mshipa ukiwa umepasuka dawa hiyo ni hatari. Basi mgonjwa asipewe chakula wala dawa nyumbani; apelekwe hospitali mara moja, na saa dalili zilipoanza ikumbukwe.

Adui mkubwa wa mishipa hii ni shindikizo la damu, ambalo mara nyingi halina maumivu. Yafaa kila mtu mzima apimwe, apunguze chumvi, na aache tumbako. Mfereji hutunzwa kabla miche haijanyauka.