Fedha Iliyorudishwa Bado Si Haki Iliyotimizwa



Yako maneno mawili ambayo wengi wetu huyatumia kana kwamba ni neno moja: kulipa na kuwajibika. Aliyelipa deni amemaliza deni. Lakini aliyetenda kosa hajamaliza kosa kwa kulipa tu. Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka tuitafakari, kwa maana ndani yake umejificha upendeleo ambao vyombo vya sheria huwafanyia wenye mali, nao wanyonge wa Buguruni ndio wanaoubeba.

Kisa cha rada

Tukumbuke suala la rada. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Serikali yetu ilikubali kununua mtambo wa kuongozea ndege kutoka kampuni ya Uingereza ambayo leo inaitwa BAE Systems, kwa bei ya paundi milioni 28 hivi. Benki ya Dunia ilisema bei hiyo ni kubwa mno, na hata waziri wa Uingereza wa wakati ule aliyeshughulikia misaada, Bi. Clare Short, aliupinga uuzaji huo. Mkataba ulipita. Baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba dola za Marekani milioni 12.4 zililipwa kwa wakala wa mauzo.

Shauri lilifika mahakamani London mwezi Desemba 2010. Je, kampuni ilishtakiwa kwa rushwa? La. Ilikiri kosa la kutotunza ipasavyo kumbukumbu za hesabu. Kampuni yenyewe ilikubali kwamba ulikuwapo uwezekano mkubwa kuwa sehemu ya fedha zile ingetumika kuipendelea katika majadiliano. Lakini neno rushwa halikuandikwa katika hati ya mashtaka. Faini ilikuwa paundi 500,000. Zaidi ya hapo kampuni iliahidi kuwalipa wananchi wa Tanzania paundi milioni 29.5. Jaji hakuficha mshangao wake kuona waendesha mashtaka wameikinga kampuni dhidi ya makosa yake yote ya nyuma, yaliyojulikana na yasiyojulikana.

Fedha zilipatikana mwaka 2012, baada ya mabishano marefu juu ya nani azipokee, nazo zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Tunashukuru kwa kila mtoto aliyeinuka sakafuni akakalia dawati. Lakini katika shauri lile hakuna binadamu hata mmoja aliyesimama kizimbani kwa jina lake. Ilisimama kampuni, na kampuni haina shingo ya kuinamisha kwa aibu.

Mwaka 2015 jambo la namna hiyo lilijirudia. Standard Bank ilifikia makubaliano na waendesha mashtaka wa London kuhusu dola milioni 6 zilizolipwa kwa kampuni ya hapa nchini, wakati Serikali yetu ilipokuwa ikitafuta mkopo wa dola milioni 600. Benki ililipa, Tanzania ikarudishiwa dola milioni 6 pamoja na riba, na mashtaka dhidi ya benki yakasimamishwa.

Mzani wa Buguruni

Sasa tuteremke hapa kwetu, sokoni. Kijana anayesukuma mkokoteni kati ya Kariakoo na Buguruni anatuhumiwa kuiba simu. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 265, inasema wizi unaweza kumpeleka mtu gerezani hadi miaka 7. Dhamana ni haki yake, lakini wadhamini watatoka wapi? Ametoka mkoani, amepanga chumba pamoja na wenzake watatu, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa hamjui. Basi anapelekwa Segerea au Keko kusubiri. Hakuna anayemwita faraghani kumwuliza, "Ukirudisha thamani ya simu hii tutaandika kosa gani?" Hakuna anayembadilishia shtaka likasomeka kuwa ameshindwa kutunza vizuri kumbukumbu za simu.

Mtaniambia kwamba siku hizi hata hapa nchini yapo makubaliano ya kukiri kosa. Ni kweli. Sheria ilirekebishwa mwaka 2019, na mwezi Septemba mwaka huo watuhumiwa 467 wa makosa ya uhujumu uchumi waliomba kukiri na kurudisha shilingi bilioni 107.8. Lakini tujiulize mambo mawili. Kwanza, mtu aliye mahabusu kwa shtaka la utakatishaji wa fedha, ambalo halina dhamana, akitia saini ili atoke, tutajuaje kama anakiri kwa sababu ametenda au kwa sababu amechoka? Pili, asiye na chochote cha kurudisha atakaribia meza hiyo na nini? Mlango ambao ufunguo wake ni fedha hauwezi kuitwa mlango wa wote.

Katiba yetu, katika Ibara ya 13, inatamka usawa wa watu wote mbele ya sheria. Ibara ya 107A inaziagiza mahakama zitende haki bila kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi. Na Tume ya Jaji Warioba, mwaka 1996, ilitofautisha wanaopokea rushwa kwa sababu kipato hakiwatoshi na wakubwa wanaoipokea kwa tamaa ya kujilimbikizia mali. Ni ajabu basi kwamba mwenye njaa ndiye anayeonja gereza, na mwenye tamaa ndiye anayepatiwa maelewano.

Funzo la Zakayo

Wengine husema: afadhali fedha irudi kuliko kesi idumu miaka kumi kisha ishindwe. Hoja hiyo ina uzito, wala siipuuzi. Wananchi hawali hukumu. Hata hivyo mtazameni Zakayo. Hakutuma mwakilishi, wala hakuomba kosa lake lipewe jina jepesi. Alisimama mbele ya watu waliomfahamu, akasema atarudisha mara nne, na nusu ya mali yake akawapa maskini. Katekisimu ya Kanisa, namba 2412, inautumia mfano huo inapofundisha wajibu wa kurudisha mali ya dhuluma. Kurudisha ni sehemu ya toba. Ukweli kusemwa hadharani ni sehemu nyingine. Fedha bila ukweli humwacha mkosaji na heshima yake na kumwacha mdhulumiwa na maswali yake.

Tufanye nini?

Hatudai kila tajiri afungwe, wala hatusemi aliyeiba simu asiulizwe. Tunadai mzani mmoja. Makubaliano yoyote na kampuni au mtu mkubwa yasomwe mahakamani hadharani: nini kilitendeka, nani aliamua, kiasi gani kimerudi na kimekwenda wapi. Na yule mdogo naye apewe nafasi ya kurekebisha alichoharibu. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu kifungo kisichozidi miaka 3 kibadilishwe kuwa kazi ya manufaa kwa umma. Itumike.

Kwa upande wetu, kila Kamati ya Haki na Amani iwatambue watu wa jumuiya zake walio mahabusu, iwatembelee, na iwatafutie wadhamini. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Tuwapeleke vijana wetu wakapate mafunzo hayo. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Basi twendeni tukasikilize, maana kesi inayosikilizwa na watu wengi ni vigumu kupindishwa.

Liko na jambo la mwisho, nalo ni gumu zaidi. Harambee zetu zisigeuke mahali pa kuoshea majina. Anayenyonya mishahara ya wafanyakazi wake asidhani kwamba mabati ya kanisa yatamsafisha, na halmashauri ya walei isimkalishe kiti cha mbele kwa sababu ya bahasha yake. Tukishindwa kuuliza ndani ya uzio wa parokia, tutapata wapi ujasiri wa kuuliza London au Kisutu?