Jiwe nyuma ya gurudumu haiko freni

Kila asubuhi, mu parkingi za Likasi, Kolwezi na Fungurume, tunaona kitu kimoja. Minibus inasimama, boyi-shofere anaruka mbio na jiwe mu mukono, analiweka nyuma ya gurudumu, kisha ndio watu wanashuka. Tumezoea lile jiwe mupaka hatulione tena. Lakini lile jiwe linatuambia habari moja: freni ya mukono ya ile motokari ilikufa, na mwenye motokari anajua.

Ndugu wafanyakazi wa mine, ninyi munajua kanuni kupita wengine. Mu karieri ya kampuni, shofere hawezi kushuka ku jeep bila kuvuta freni ya mukono na kutia kale ku magurudumu. Freni kwanza, kale kisha. Mwenye kukosa anaitwa ku biro. Sasa mutu yule yule, akitoka kazi mangaribi, anapanda motokari inayoshikwa paka na jiwe. Juu ya nini mwili wetu uko na bei ku kazi, lakini mu cité hauna bei tena? Na mu cité ndiko watoto wanacheza nyuma ya motokari, ndiko bamama wanaweka meza zao za kuuzisha chini ya mutelemuko.

Tusikilizane namna ile freni inafanya kazi. Ku Hiace na pick-up mingi za zamani, kable inavuta garnitiri mbili ndani ya tamburu ya kila gurudumu la nyuma. Ku kamio ndogo kama Canter, tamburu iko ku shafti, nyuma ya boite ya vitesi. Garnitiri iko na nyama inayoshika tamburu. Ile nyama inaisha. Ao maji na matope ya masika yanaingia, chuma kinaota kutu, nyama inabanduka. Mafuta ikitoka ku pont na kuloweka garnitiri, haitashika tena hata ikiwa nene.

Mashofere wengi wanasema: « Tunaacha na vitesi, inatosha. » Haitoshi. Vitesi inashikwa na kompresio ya motere, na motere iliyochoka kompresio yake iko kidogo. Motokari inaanza kusogea polepole, hakuna mutu anasikia. Tena, motokari inayosimama vizuri ikiwa tupu, haiko sawa na ile yenye watu ndani na mifuko ya minerai juu.

Wengine wanakaza kable. Mukono wa freni unakuwa nguvu siku mbili tatu, kila mutu anafurahi. Lakini garnitiri iliyoisha haioti nyama mupya juu ya kuvuta kable. Na kable ikikazwa kupita kipimo, garnitiri zinasuguana na tamburu njiani, gurudumu linapata moto, na essence inaisha mbio.

Kazi ya kweli ni kubadirisha garnitiri, kuume na kushoto mara moja, hata kama upande mumoja unaonekana ungali muzuri. Motokari inyanyuliwe fasi sawa, iegemee vyuma vya nguvu, sio kriki peke yake. Na magurudumu ya mbele yatiwe kale. Hapa ndipo jiwe liko na kazi yake. Mekanisiye aangalie resori na tamburu, atengeneze kwanza nafasi ya garnitiri, kisha ndio akaze kable. Na vumbi ya ndani ya tamburu, asiipulize na kinywa wala na kompresa, juu garnitiri za zamani zinaweza kuwa na amianti. Ailoweshe na maji, kisha aipanguze na kitambaa. Sisi watu wa mine, hakuna haja ya kutufundisha vumbi inafanya nini mu mapafu.

Ninasikia jibu: « Franga haiko. » Ni kweli motokari ya zamani inalisha nyumba, na kila piesi inaomba. Lakini pembeni ya motere na boite, garnitiri ni mambo madogo, na kazi yake haipite siku moja. Na anayepaswa kulipa haiko shofere. Yeye anarudisha versema kila mangaribi. Mwenye kupokea ile versema ndiye mwenye deni ya freni.

Na sisi abiria tuko na sehemu yetu. Kuko timu za wafanyakazi wanaopatana na mwenye minibus kwa mwezi muzima. Kuko madelege wanaozungumza na kampuni juu ya transporti. Mbele ya kupatana bei, waombe kitu kimoja: motokari yenye muzigo wake, ku mutelemuko mudogo, vitesi imetolewa, freni ya mukono imevutwa, shofere akikaa na muguu tayari ku pedali, na mutu asisimame mbele wala nyuma. Haikamate hata dakika tano. Ikisimama, mupatane bei. Ikisogea, yeye aende ku garaji kwanza, na ninyi mutafute ingine.