Nani Amemwambukiza Mgonjwa?

Wahenga walinena kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Methali hii imekaririwa shuleni na kuandikwa kwenye kuta za zahanati hata imekuwa kama salamu: huitikiwa bila kufikiriwa. Ni wachache wanaojiuliza iwapo huenda ikavunjwa pale pale tiba inapotolewa.

Miaka michache iliyopita, jirani yangu hapa Kayole alijifungua kwa upasuaji katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, maadamu nia yangu si kumwaibisha mtu. Alirudi nyumbani na mtoto wake, sote tukamshukuru Mungu. Siku ya sita kidonda kilivimba, kikatoa usaha, na homa ikampanda. Tukamrejesha. Nilipokuwa nikingoja, niliona mfereji, na juu yake bango la kupendeza lililoeleza kwa Kiingereza safi namna ya kunawa mikono. Niliufungua mfereji ule. Haukutoa hata tone. Chini yake palikuwa na mtungi wa lita 20, nao ulikuwa mtupu. Jirani yangu alipouliza amepatwa na nini, alijibiwa kwa upole: "Umeambukizwa, mama."

Kazi yangu ni kuchunguza lugha, na jibu lile halijanitoka akilini. Kauli ya kutendwa katika Kiswahili inamruhusu msemaji asimtaje mtenda. Husema sahani imevunjwa, fedha zimeliwa, mgonjwa ameambukizwa. Kisarufi sentensi hizo hazina kasoro, lakini kimaadili ni nusu sentensi. Ameambukizwa na nani? Kwa mkono upi, kifaa kipi, shuka ipi? Sidai kwamba ninajua asili ya viini vilivyomdhuru jirani yangu. Huenda vilitoka hata nyumbani. Ninalodai ni kwamba hakuna aliyeuliza, na jambo lisiloulizwa halirekebishwi.

Tusidhani kwamba hili ni tatizo dogo. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilieleza kwamba kati ya kila wagonjwa 100 wanaolazwa katika hospitali za nchi tajiri, 7 hupata angalau ambukizo moja humo humo hospitalini. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambamo yetu imo, idadi hiyo ni 15. Kwa wastani, mgonjwa mmoja katika kila 10 wanaoambukizwa hivyo hufariki. Ripoti hiyo hiyo yasema kwamba usafi wa mikono pamoja na taratibu nyingine zisizo ghali huweza kuzuia hadi asilimia 70 ya maambukizi hayo. Kwa hivyo, tunapokaa kimya, hatunyamazii jambo lisilo na dawa. Dawa ipo, na sehemu yake kubwa ni maji na sabuni.

Somo hili si geni. Mnamo 1847, daktari Ignaz Semmelweis aliyefanya kazi Vienna, Austria, alichunguza kwa nini wazazi waliohudumiwa na madaktari na wanafunzi wao walikufa kwa homa ya uzazi kwa wingi kuliko wale waliohudumiwa na wakunga. Madaktari hao walikuwa wakitoka kupasua maiti na kuingia moja kwa moja wodini. Akawaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini. Mwaka 1846 wazazi zaidi ya 11 katika kila 100 walikuwa wamekufa katika wodi ile. Mwaka 1848 walikufa pungufu ya 2 katika kila 100. Je, wenzake walimshangilia? La hasha! Wengi walikasirika kuambiwa kwamba mkono wa tabibu ndio uliobeba mauti. Semmelweis alimtaja mtenda, na kumtaja mtenda kuna gharama.

Wala mgonjwa si yeye pekee aliye hatarini. Mnamo 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, nchini Zaire ya wakati ule, sindano tano tu zilitolewa kila asubuhi kuhudumia umati wa wagonjwa. Ebola ilipitia humo. Katika wahudumu 17, 11 walikufa, na hospitali ikafungwa. Hapa jirani, Uganda, Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, Gulu, aliongoza mapambano dhidi ya ugonjwa huo huo mwaka 2000, akawafunza wenzake kujikinga na kuwatenga wagonjwa. Yeye mwenyewe aliambukizwa alipokuwa akimhudumia muuguzi mgonjwa, akafariki Desemba 5 mwaka huo. Husimuliwa kwamba alikuwa amevaa barakoa, glavu na joho, ila macho yake hayakuwa na kinga. Kosa moja lilitosha.

Sasa turudi Kayole. Kila mkazi wa mtaa huu anajua maana ya mfereji mkavu na mkokoteni wa mitungi. Lakini nyumba ikikosa maji, mwenye nyumba huahirisha kufua; wodi ya wazazi haiwezi kuahirisha uzazi. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na vilevile haki ya maji safi na salama ya kutosha. Haki hizo mbili ziliwekwa katika ibara moja, na mahali zinapokutana ni penye beseni la kunawia la hospitali. Serikali za kaunti, ambazo Katiba ilizikabidhi vituo vya afya, zisitujengee jengo jipya na kulikatia utepe kabla hazijahakikisha kwamba majengo yaliyopo yana tangi lenye maji.

Baada ya maji, lugha. Ibara ya 7 inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Iweje basi bango linaloweza kuokoa maisha liandikwe kwa lugha moja tu? Katika wodi zetu, mama mzazi au dada wa mgonjwa ndiye anayemlisha, anayemgeuza na anayemfuta jasho. Mikono yake imo katika tiba, ila hakuna aliyezungumza naye. Hapa nasi wanazuoni hatuna budi kujilaumu. Tumehudhuria makongamano mengi kujadili uundaji wa istilahi, na mabango ya zahanati za mitaani mwetu tumeyaacha kama tulivyoyakuta.

Wapo watakaosema kwamba wauguzi ni wachache, wagonjwa ni wengi, na hakuna wasaa wa kunawa kila mara. Malalamiko hayo yana ukweli, na upungufu huo ni wa kulaumiwa serikali, si muuguzi. Hata hivyo, kutakasa mikono kwa spiriti huchukua sekunde 20 hadi 30. Kidonda kilichooza humrudisha mgonjwa kitandani kwa majuma, na kazi ikaongezeka maradufu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini lipo tatizo jingine ambalo fedha haziwezi kuliondoa, nalo ni adabu. Mtu aliyelelewa vyema hamwulizi daktari kama amenawa, ataonekana mjuvi. Basi mzigo huo asibebeshwe mgonjwa. Mhudumu mwenyewe na atangulie kusema: "Mama, nimenawa mikono, naomba nikutazame kidonda." Zingatia kitenzi hicho: nimenawa. Ni kauli ya kutenda, na mtenda amejitaja mwenyewe. Sentensi hiyo haigharimu hata senti, humtuliza mgonjwa, na humfunga msemaji kwa ukweli wa maneno yake. Mgonjwa naye akiona kimya, anaweza kuuliza kwa staha: "Samahani daktari, maji ya kunawa yamepatikana leo?"

Enyi walimu, zoezi la kauli za vitenzi lisiishie kwenye sahani na vikombe. Wapeni wanafunzi bango la kunawa mikono walitafsiri kwa Kiswahili kinachoeleweka na nyanya zao, kisha walipeleke katika zahanati iliyo karibu na shule. Nanyi wanafunzi, baadhi yenu mtakuwa wauguzi na madaktari. Jifunzeni mapema kuikamilisha sentensi.

Jirani yangu alipona, na mwanawe sasa anaenda shule. Si kila mzazi aliyejibiwa "umeambukizwa, mama" aliyerudi nyumbani.