Samaki wa Tangi Achaguliwe kwa Umeme Tulionao

Mimi ni fundi vioo. Natengeneza madirisha, milango ya aluminiamu, kabati za maduka ya simu na, kwa wanaopenda, matangi ya samaki. Kazi hii ya mwisho imenipa msimamo ambao najua utawaudhi baadhi ya wauza samaki na hata wateja wangu. Hapa Dar es Salaam, na katika miji yote ya joto ambako umeme hukatika bila kubisha hodi, tangi lenye mimea na samaki mchanganyiko linafaa kuwa na mkubwa anayejua kupumua hewa ya juu ya maji. Kwangu mimi huyo ni gurami wa lulu. Wengine, hata wawe wazuri namna gani, wanapanga foleni nyuma yake.

Kwamba tangi linahitaji mkubwa, hilo silibishi. Samaki wadogo wanaotembea kwa kundi wanapendeza, mimea inapendeza, lakini bila mmoja wa kubeba sura ya tangi zima macho ya mgeni yanazunguka na kuchoka. Ndiyo maana wateja huja na ombi lile lile: "Fundi, nitengenezee tangi la sebuleni, halafu nitie samaki mmoja wa kushangaza watu." Tangi ninalowashauri lina urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 50, kioo cha milimita 10. Hilo hubeba lita 270, na ukiongeza kioo chenyewe, changarawe na mawe, unazungumzia zaidi ya kilo 300 juu ya meza moja. Mtu aliyekubali gharama hiyo hapaswi kumchukua samaki wake kwa sababu tu alimwona akicheza dukani siku aliyopita.

Aanze na hesabu ya hewa. Maji yenye nyuzi joto 20 yanaweza kushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita; yakifika nyuzi 30 yanashika kama 7 na nusu. Tangi la sebule ya Dar mwezi wa Februari hufika huko bila hita yoyote. Kisha kuna mimea. Mchana, kukiwa na mwanga, inatoa oksijeni, na mwenye tangi anafurahi kuona vipovu vikipanda kutoka kwenye majani. Usiku mambo yanageuka. Majani yale yale yanavuta oksijeni, samaki wanavuta, na bakteria waliomo kwenye chujio na changarawe nao wanavuta. Saa mbaya kuliko zote ni alfajiri, kabla taa haijawashwa. Sasa tia umeme unaokatika saa nne usiku, pampu inyamaze, maji ya juu yatulie tuli. Wafugaji wa samaki wa mabwawani wanalijua hili vizuri: hewa ikipungua majini, mara nyingi wakubwa ndio wanaoanza kufa.

Mteja wangu mmoja wa Tabata, mama anayeuza vitambaa, alinipigia simu asubuhi akiwa na hakika kwamba silikoni yangu imetoa sumu. Nilikwenda mbio, maana jina la fundi linaharibika kwa siku moja. Silikoni ilikuwa salama, na maji hayakuwa na harufu yoyote ya ajabu. Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku na pampu imelala. Samaki malaika wake wawili walikuwa wamebana pembeni juu kabisa, midomo wazi, matamvua yakipiga haraka. Mmoja alishaanza kulala ubavu. Chini yao, katikati ya majani marefu ya valisneria, gurami watatu walikuwa katika shughuli zao. Mmoja alipanda taratibu, akagusa uso wa maji kwa mdomo, akachukua funda la hewa, akashuka. Baada ya muda akafuata mwingine, bila haraka. Nilichukua kikombe nikawa nachota maji na kuyamimina kutoka juu ili yachanganyike na hewa, mpaka jirani alipotuletea jenereta. Malaika mmoja alipona. Gurami hawakujua hata kama kulikuwa na msiba.

Siri yao iko juu ya matamvua. Kuna chumba kidogo chenye kiungo cha mikunjo mingi kilichojaa mishipa ya damu, na funda la hewa likifika hapo oksijeni inaingia moja kwa moja mwilini. Msomaji aliyekulia kijijini asishangae. Kambare wetu ana kiungo chake cha kazi hiyo hiyo, ndiyo maana anaishi kwenye tope ambalo samaki wengine wameshalikimbia. Gurami wa lulu naye kwao ni maji ya joto, mazito na yaliyotulia: vinamasi na mito ya polepole ya Malaysia, Sumatra na Borneo. Daktari wa Kiholanzi Pieter Bleeker, aliyefanya kazi miaka mingi huko Batavia, Jakarta ya leo, ndiye aliyemwandika kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1852. Tangi la Dar lililokatikiwa umeme halimtishi kiumbe wa namna hiyo.

Na uzuri anao. Akikomaa hufika kama sentimita 12, ukubwa wa kuonekana kutoka upande wa pili wa sebule. Mwili wote umenyunyiziwa madoa meupe yanayong'aa, na mstari mweusi unakatiza ubavuni kuanzia mdomoni. Dume aliyetulia huwa na kifua cha rangi ya chungwa iliyoiva, na pezi la mgongoni limechongoka. La jike ni la mviringo. Mapezi ya tumboni yamekuwa nyuzi mbili ndefu anazozitanguliza kupapasa kila kitu: jani, jiwe, samaki mwenzake, hata kioo. Dume akitaka kuzaa hujenga kiota cha mapovu chini ya majani yanayoelea, kisha hukilinda. Mimea haing'oi. Samaki wadogo wazima hawawindi, ingawa vifaranga vichanga asiachiwe. Kwa tangi la lita 270, dume mmoja na majike wawili wanatosha kabisa.

Sharti lake moja linanihusu mimi fundi. Watu wengi huniomba mfuniko uliolala karibu na maji ili tangi lionekane limejaa. Kwa gurami nakataa. Kati ya maji na mfuniko naacha sentimita tano, na mfuniko lazima uwepo, ili hewa anayoivuta iwe na unyevu na joto la maji yake, hasa ukiwa na vifaranga ambao kiungo chao cha kupumulia ndio kwanza kinakua. Gurami akizuiwa kufika juu anaweza kufa maji, samaki mzima ndani ya maji. Mimea inayoelea nayo isiachwe ikafunika kila mahali.

Sasa niwaseme wapinzani wake. Samaki malaika wa Amazon ndiye anayeombwa kuliko wote, na kwa umbo sina la kumtoa. Lakini akikomaa, kutoka ncha ya pezi la juu hadi la chini, huweza kuzidi sentimita 20. Tangi fupi linamkunja mapezi. Wale samaki neoni wenye mstari wa buluu unaowaka, ambao mteja huwanunua siku hiyo hiyo, kwake ni kitoweo mara tu mdomo wake utakapotosha. Oska hufika sentimita 30 na hupanga upya bustani yako usiku mmoja, mizizi juu. Samaki wa dhahabu anapenda maji ya baridi na anapenda zaidi saladi. Mimea laini ukimpa ataimaliza.

Hoja nzito zaidi ni ya wazalendo. Wanauliza kwa nini tumsifie samaki wa Borneo wakati ziwa Tanganyika na ziwa Nyasa yana samaki wa mapambo wanaotafutwa dunia nzima, na wengine wanasafirishwa kutoka Kigoma kwenda Ulaya. Hoja hii naiheshimu. Frontosa wa Tanganyika, mwenye nundu ya paji na mistari myeusi, ana hadhi ambayo gurami hana. Lakini tumheshimu kwa kumpa kwake. Maji ya Tanganyika ni magumu na yana alkali, kipimo chake cha pH kinakaribia 9. Samaki wengi wa huko ni wa majabali, ni wakorofi wa mipaka, na frontosa huweza kuzidi sentimita 30. Wale wa miamba ya Nyasa hukwangua mwani siku nzima na majani laini hayawaponi. Watengenezee tangi lao la mawe, uoteshe valisneria, ambayo hata Tanganyika ipo. Kuwachanganya na samaki wadogo wa maji laini katika bustani ya majini ni kuwaonea wote.

Akitakiwa Mwafrika wa tangi la mimea, tuelekee Kongo. Tetra wa Kongo, dume lake la sentimita nane lenye mkia wa nyuzinyuzi, akiwa katika kundi la wanane hulibeba tangi refu vizuri. Kwa wenzetu wa Mbeya, Njombe na Arusha, ambako usiku una baridi na maji hayapati joto la Dar la kuyapunguzia hewa, huyo ndiye ningemtanguliza, ingawa naye, kama gurami, atadai hita. Kwa Dar, Tanga na Mombasa bado nasimama na gurami, kwa sababu tetra akikosa hewa hana pa kwenda.

Wapo watakaosema suluhisho ni pampu ya betri. Ninayo, na kila mwenye tangi awe nayo. Ila pampu ya betri inahitaji mtu wa kuamka kuiwasha, au betri ambayo haijaisha, au dada wa kazi aliyeelekezwa. Samaki anayejipumulia hamtegemei mtu.

Ukienda kumnunua, usimchukue yeyote mwenye jina la gurami. Yupo gurami mkubwa, anayefugwa kwa kuliwa huko Indonesia, ambaye akiwa mdogo huuzwa kwenye matangi kama pambo na baadaye hufika sentimita 70. Yupo wa madoa mawili, mgumu wa maisha lakini mgomvi. Wa lulu utamjua kwa ule unyunyizio wa madoa mwili mzima. Tazama kama nyuzi zake ni nzima, tumbo halijabonyea, na mwombe muuzaji amlishe ukiwa hapo. Asiyekula mbele yako usitegemee atakula kwako. Maji yawe ya bomba yaliyolala kwenye ndoo au kutiwa dawa ya kuondoa klorini. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, hivyo kama unapoyaonja ulimi unaitambua, usimtie. Na yeye awe wa mwisho kuingia, mimea ikiwa imeshika na tangi limeshakaa wiki kadhaa.

Nimesema mengi juu ya mnunuzi, lakini lawama kubwa naiweka dukani. Samaki anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole bila mtu kusema atafika wapi ni tatizo linalohamishiwa kwa jirani. Yule mfagia tangi mwenye mdomo wa kunyonya, anayeuzwa kwa kila mtu kama msafishaji, aina zake za kawaida hufika sentimita 40 na kuzidi. Anapoelemea tangi, mwenye nyumba anaangalia mtaro. Marekani, huko Florida, na Mexico samaki wa jamii hiyo walishatoka kwenye matangi wakaweka makazi mitoni. Nasi hatuhitaji kufundishwa na wageni. Sangara alipandikizwa ziwa Victoria miaka ya 1950 kwa nia njema ya uvuvi, na aina nyingi za furu zikapotea. Magugu maji, ambayo asili yake ni Amerika Kusini na yalisambazwa duniani kwa sababu ya ua lake zuri, yamewafungia wavuvi wa ziwa hilo njia za mitumbwi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wauza samaki ni dogo na halina gharama. Kila tangi la dukani libandikwe karatasi yenye mambo matatu: samaki huyu akikomaa anafika sentimita ngapi, anataka maji ya namna gani, na kama anajipumulia au anategemea pampu. Na muuzaji akubali kumpokea tena aliyemshinda mteja. Najua duka litakalofanya hivyo litauza oska wachache. Litapata, hata hivyo, wateja wanaorudi kununua chakula mwaka wa pili na wa tatu, na hapo ndipo faida ya biashara hii ilipo, kwa maana samaki aliyekufa hali.